Sabufa Katika Kamioneti ya Chokaa

Tangu nimeacha kazi, Nadeji, msichana niliyemfundisha kazi, aliyebaki na funguo za garaji yetu hapa Likasi, hanipi pumziko. Anakuja nikipika: "Kambo, ampli inaunguza fizibli." Anakuja nikifua: "Kambo, radio inalia sawa mbu." Kambo ni mimi; kwetu ndivyo tunavyomwita bibi mzee. Namjibu, na bukari yangu, ugali wetu, inashika chini ya sufuria. Basi sasa naandika. Nadeji asome, na ninyi wengine mnaofanya kazi naye msome, halafu mniache nipike.

Shule niliiacha kabla ya kumaliza primere, na nilichowahi kuandika sana ni matangazo ya kanisa. Kwa hiyo nitaandika Kiswahili cha kanisani kadiri ninavyoweza. Watu wakisema humu ndani, nitawaacha waseme chao.

Sikuanza kazi hii kwa waya. Nilianza kwa sindano. Nilikuwa nashona vitambaa vya viti vya motokari barazani kwangu, na Papa Mwamba, mzee aliyekuwa anatengeneza radio kisha akaingia kwenye kufunga muziki ndani ya motokari, alitafuta mtu wa kufunika makasha ya bafle, spika za muziki, kwa moketi, lile zulia jembamba. Fundi cherehani aliyemchukua kabla yangu alikimbia harufu ya kola, ile gundi. Mimi haikunisumbua. Nimelea watoto katika moshi wa makala, mkaa wa kupikia; harufu gani tena itanitisha?

Siku ya kwanza alinipa kasha moja, akasema "Funika," akaenda zake. Nikafunika. Kona zimenyooka, hakuna kunjo, mshono huuoni. Akarudi, akaligeuza kasha lile, akaligeuza tena, akanitazama.

"Mama Vero, bafle itapita wapi?"

Nilikuwa nimefunika na tundu lake.

"Umezika muntu muzima," akasema, akanipa kisu.

Hakucheka. Papa Mwamba hakuwa anacheka kazini. Alisema kicheko kinatikisa mkono. Nilikata tundu, nikakunja moketi kwa ndani, na tangu siku ile sikufunika kitu kabla ya kuuliza ni cha nini. Baada ya moketi akanifundisha kukata mbao za tripleksi, kisha kuziba kasha lisivuje hewa, kisha waya. Hakueleza sana. Alifanya mara moja mbele yako, akavunja, akakuachia vipande.

Chombo chake alichokipenda kuliko vyote kilikuwa batri ndogo ya tochi. Unagusisha waya mbili za bafle kwenye batri ile, kidogo tu. Uso wa bafle ukiruka mbele, umezishika sawa. Ukirudi nyuma, umezigeuza. Bafle mbili zikipingana, moja mbele moja nyuma, besi inakufa katikati na mteja anakuambia umemfungia kitu cha bongo, cha uongo. Sasa mna simu zinazopima hayo. Sawa. Siku simu imezimika, batri ya tochi iko kwenye mkebe wa maziwa, juu ya rafu, mahali pake.

Na alikuwa na swali lake. Kabla hajafungua mlango wa motokari ya mtu, aliuliza: "Inabebaka nini?" Wateja walishangaa. Wamekuja kwa muziki, wanaulizwa mizigo. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Motokari ya mama wa samaki ina maji ya chumvi sakafuni. Ukiweka ampli, ile ya kukuza sauti, chini, umeipeleka makaburini. Ya wachimbaji inabeba mifuko ya mawe, na watu wanakaa juu ya mifuko, kwa hiyo nyuma usiweke kitu kisichovumilia kukanyagwa. Ya kijana asiyebeba chochote ina batri iliyochoka, maana haitembei, inasimama mbele ya baa ikiimba. Kila moja inataka sabufa yake, bafle yake ya besi. Mteja atakuambia anachopenda. Motokari itakuambia inachoweza.

Nikiwa hapo, niseme yale ninayoulizwa kila wiki. Kwenye karatoni ya ampli mtaona namba kubwa ya nguvu. Ile ni namba ya mdomo. Pindueni ampli, mtazame fizibli zake, zile fyuzi. Ikiwa inajigamba itatikisa kanisa zima na fizibli yake ni ndogo kama ya radio, ampli inasema bongo. Fizibli haijui kusema bongo. Na sabufa vilevile: msisome nguvu ya kilele, someni ile ya kubeba siku nzima. Mwanaume anaweza kunyanyua mfuko wa simenti mara moja wasichana wamwone. Mwulizeni kama ataubeba mpaka Kapolowe.

Waya ya masi, ile inayorudisha moto kwenye mwili wa motokari, iwe fupi na ifungwe kwenye chuma kitupu. Kitupu, nimesema. Rangi si chuma. Kutu si chuma. Kwaruzeni mpaka king'are. Radio inayolia sawa mbu, Nadeji, mara nyingi dawa yake ni kisu. Kisu kikishindwa, basi mmepitisha waya nene ya batri pamoja na waya ndogo ya sauti. Moja ipite kushoto, nyingine kulia, kama wanakwaya waliogombana. Fizibli kubwa ikae karibu kabisa na batri. Na pale waya inapopenya chuma kuingia kabini, wekeni mpira. Motokari inatikisika, chuma kinakula ngozi ya waya, na siku hiyo mtaelewa kwa nini nilikuwa nawapigia kelele.

Macho ya Papa Mwamba yalipokwisha, akaniachia mkebe, kisu na swali lake. Wateja waliingia wakiuliza, "Fundi iko wapi?" na mimi nimelala chini ya dashibodi, wanaona miguu na kitenge. "Njo huyu," nilikuwa najibu, yaani ndiye huyu, bila kutoka. Wengine waliondoka. Wengi wao walirudi.

Kazi ngumu mnayopenda kuulizia ni ile ya Papa Feza. Nadeji alikuwepo, lakini anaisimulia vibaya, anaongeza machozi. Ilikuwa hivi.

Alikuja asubuhi na kamioneti, pikapu ya kabini moja, nyeupe. Weupe ule ni chokaa; rangi yake ya kweli, bluu, tuliijua baada ya kuiosha. Nilikuwa chini ya motokari nyingine. Nikaona viatu, nikasalimia: "Jambo yenu, papa." Kimya. Nikarudilia. Kimya. Hapa kwetu mtu anaweza kukuchukia mpaka kufa, lakini salamu anaitika. Nilitoka nimeshakasirika. Aliponiona uso, akavua kofia, akasalimia vizuri kama katekista.

"Ule njo Papa Feza," Nadeji akaninong'oneza. "Bantu banasema tangu alipata kamioneti anajivuna. Anapita tu, haitikiake. Hata kwaya alikuwa anaimbamo besi, aliacha."

Majivuno ya mteja hayamo kwenye kazi yangu. Nikamsimamia mbele.

"Inabebaka nini?"

"Chokaa, mama. Natoshaka ku Kakontwe, naleta mu mji, nafika mpaka Kapolowe. Narudisha nyanya na mahindi."

"Na pembeni yako, nani anaikalaka?"

"Hakuna muntu. Ile kiti mutoshe, iondoke. Muweke kasha mukubwa pale."

Tulikuwa na sabufa mbili za kumwonyesha. Moja ilikuwa kubwa, pana kama ungo wa kupepetea mchele, ndani ya kasha lenye tundu la kupumulia. Nyingine nyembamba, ya kukaa nyuma ya mgongo wa kiti, ndani ya kasha lililozibwa. Nikapiga muziki. Wateja wote hugeuza sikio. Huyu alifumba macho, akaweka kiganja juu ya kasha, kisha akainama akaweka kifua.

"Kambo," Nadeji akasema, "anachagua bafle sawa mbuzi ya Noeli. Anashika mbavu."

"Hii mukubwa," Papa Feza akasema.

"Papa, chokaa itaingia mu tundu. Itakula bafle," nikamwambia.

Alikuwa ananitazama mdomo. "Haizuru. Nataka ile naisikia mu mubili."

Akatuachia kamioneti. Tukaanza kuiosha, na niwaambie, chokaa na maji ni kitu cha kuheshimu. Nadeji alikataa glovu. Alishinda akitembea na mikono juu kama mtu aliyepandwa na roho. Tukatoa kiti cha abiria, tukakiegemeza ukutani, na bado hatujapima kasha, akaingia mwanamke mfupi mwenye sauti ya soko.

"Hii kiti munatosha juu ya nini?"

"Mwenye motokari amesema, mama."

"Mwenye motokari? Minye na yeye tulivunja mawe pamoja juu ya kuipata! Ile kiti ni ya minye!"

Ndiyo nikajua ni Mama Feza, mke wake. Nikampa kigoda. Alikaa kwenye kile kiti kilichoegemezwa ukutani, akakunja mikono.

"Zamani tulikuwa tunaenda pamoja," akasema. "Minye nachunga nyanya, yeye anaimba. Sasa anasema nibakie ku nyumba. Nikimuongelesha, mugongo. Nikimuita mu chumba, kimya. Kambo, eko na mwanamuke ku Kapolowe. Njo anataka hii kelele, asisikie mudomo yangu."

"Mama, minye nafungaka bafle. Sifungake ndoa."

"Basi funga ile mudogo. Uache kiti yangu."

"Yeye ndiye aseme."

"Yeye! Yeye anasemaka na nani?" Akasimama, akafunga kitenge upya kwa nguvu, kama mtu anayemnyonga kuku, akaondoka.

Siku ya kujaribu, Papa Feza alikuja kusikiliza, akakaa kwenye usukani. Kasha kubwa tulikuwa tumeliweka tu mahali pa kiti, bado halijashikwa na buloni, bolti zake. Nikachukua unga wa mahindi, nikanyunyiza juu ya paa, juu ya milango, na kwenye bati la nyuma. Mnaijua njia hii: besi ikipiga, unga unaruka pale ambapo chuma kimelegea, na hapo ndipo patakapopiga kelele njia nzima. Lakini kamioneti ile ilikuwa na chokaa ndani ya mifupa. Besi ya kwanza tu, chokaa ikatoka kwenye kila mshono, na hatukujua tena unga ni upi. Nadeji akataka kuonja. Nikampiga mkono.

Nikamwambia Papa Feza azime. Hakuzima. Nikazima mwenyewe. Yeye akashuka, akaenda kusimama nyuma, barabarani, mkono juu ya bati la mlango wa nyuma.

Jirani yetu ni kwado, fundi wa magurudumu. Lori la mawe lilikuwa linatoka kwake kwa kurudi nyuma, linapiga honi. Dereva haoni nyuma. Mnajua malori yale. Kwado akapiga kelele, "Papa! Toka!" Mama wa mikate akapiga kelele. Mimi nilipiga kelele ambayo sijapiga tangu nizae. Papa Feza alisimama palepale, anatabasamu, anangoja besi irudi. Muziki nilikuwa nimeshauzima, kumbukeni.

Nadeji alimshika mkanda wa suruali, akamvuta, wakaanguka wote wawili kando ya ukuta. Lori lilikanyaga mfuko wangu wa unga pale alipokuwa amesimama, likaenda.

"Nilikuwa na mawazo," akasema, akijipangusa, akicheka.

Nikachukua funguo mbili kubwa za kukazia buloni, nikaenda nyuma ya mgongo wake, nikazigonga kwenye rimu ya gurudumu. Kwado akageuka. Mbwa wa jirani akaanza kubweka. Papa Feza aliendelea kupangusa suruali yake.

Nadeji alifungua mdomo. Nikamwonyesha kidole, akaufunga.

Nikamgusa Papa Feza bega, nikamwonyesha kabini. Akaingia kwenye usukani. Mimi nikakaa juu ya kasha, mahali pa kiti cha mke wake, nikamtazama uso.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Papa."

Akatazama mikono yake. Akasema polepole, kwa sauti kubwa, kama wanavyosema watu wasiosikia sauti yao wenyewe.

"Ilianza wakati tulikuwa tunasaga mawe ku mashini. Ilikuya polepole. Kwanza bandege. Kisha batoto. Kisha ku kwaya, naimba, banageuka, bananiangalia. Nikatoka minye mwenyewe, mbele banitoshe. Besi tu njo inabakia. Naisikia hapa." Akagusa kifua.

"Bibi yako anajua?"

"Apana!"

"Anafikiri uko na mwanamuke."

"Afikiri." Macho yake yalikuwa mekundu kwa chokaa, au kwa lingine. "Mwanamuke anasamehewaka. Kiziwi atasamehewa na nani? Nani atapandisha nyanya yake mu motokari ya kiziwi? Nani atanipatia chokaa? Mama Feza akiikala hapa siku moja tu, atajua. Njo maana nilimukataza. Kambo, nikishuka ku hii kamioneti, minye ni nani?"

"Na ukiua muntu ku njia, utakuwa nani?"

Labda hakusikia, labda alisikia. Nikasema tena, polepole, mdomo mbele ya macho yake. Sikuwa na haraka.

Mimi nilijua hesabu ya kazi ile sasa. Kasha kubwa pale nilipokaa maana yake ni hili: besi inamfurahisha, kiti cha mke hakipo tena, hakuna wa kumwambia lori linakuja, na njia ya Kapolowe imejaa malori. Ningekaza buloni zile, ningekuwa nafunga jeneza na moketi juu yake. Na nikikataa, atampata fundi mwingine kabla ya chakula cha mchana.

Nikachomoa ufunguo wa kamioneti, nikaufunga kwenye pindo la kitenge changu.

"Ufunguo utatoka siku bibi yako atakuya kuutwaa," nikasema, "na weye umeshamuambia, kwa mudomo yako."

"Weye ni fundi wa bafle! Hauko padri!"

"Njo vile. Padri anasamehe. Minye, hapana."

Alishuka, akapiga mlango, akaenda kwa miguu. Chokaa ikaanguka kutoka paani.

"Kambo," Nadeji akasema, "ataenda kwa fundi mwingine."

"Aende. Na kamioneti gani?"

Walikuja kesho yake, pamoja lakini wameachana hatua kama watu wa ugomvi. Mama Feza alikuwa amevaa kitenge cha misa. Alikuwa tayari kusikia jina la mwanamke wa Kapolowe.

"Amesema kila kitu atanisemea hapa," akaniambia. "Basi aseme."

Papa Feza alisema. Aliitazama kofia yake mkononi, na alisema yote: mashine, ndege, watoto, kwaya, lori la jana. Alipomaliza hakuinua kichwa.

Mama Feza akamzunguka, akasimama nyuma ya mgongo wake, akasema tusi moja, si kubwa, la nyumbani, la mtu aliyesahau kuleta maji. Papa Feza hakutikisika. Akasema lingine, kubwa zaidi. Nadeji alishika mdomo. Papa Feza bado anatazama kofia.

Mama Feza akarudi mbele, akamwinua kidevu kwa kidole. Nadeji atawaambia kwamba mama huyu alilia. Alikuwa anapangusa chokaa.

"Ile matusi yote nilikutukanaka ku mugongo," akasema, "yote ilipotea bure?"

"Matusi gani?"

"Mungu wangu. Bon. Nitaanza mupya. Mbele ya macho." Akakaza kitenge chake. "Na ku Kapolowe?"

"Ku Kapolowe iko nini?"

"Hakuna kitu." Akanigeukia, akanyoosha mkono. "Kambo, leta ufunguo. Na kiti yangu irudie."

Ufunguo nilimpa. Kamioneti nilibaki nayo, maana kazi ilikuwa bado. Nikawaambia waende kwanza hospitali. Daktari alisema kilichokufa hakitarudi, kilichobaki kichungwe, na kuhusu njia, asiendeshe peke yake kamwe. Mama Feza alinirudilia maneno hayo kwa furaha ambayo daktari hakuikusudia.

Sasa sikilizeni tulivyofunga, kwa sababu hapa ndipo Nadeji anaruka akisimulia.

Sabufa kubwa ilirudi rafuni. Tulichukua ile nyembamba. Kasha lake nililitengeneza upya: nilipima nafasi iliyopo kati ya mgongo wa kiti cha dereva na ukuta wa kabini, nikakata tripleksi kufuata mteremko wa kiti, nikaziba kila kona kwa kola na vumbi la mbao, bila tundu, chokaa isipate mlango. Kwa kawaida kasha tunalilaza juu ya mpira ili mtikisiko usiingie kwenye kiti. Hapa nilifanya kinyume. Nilishika kasha kwa buloni kwenye chuma cha kiti chake chenyewe, besi ipande kwenye mgongo bila kupitia hewani. Mtu anayesikia kwa mifupa, umpelekee mifupani. Hivyo hahitaji sauti kubwa, na masikio yaliyobaki yanabaki.

Ampli ilikaa chini ya kiti cha Mama Feza, juu ya vipande vya mbao, isiguse sakafu. Ampli inataka kupumua, na chokaa inataka kuingia. Kwa hiyo nilichukua sindano yangu ya zamani, nikaishonea koti la chandarua cha mbu. Kila mwezi linatolewa, linakung'utwa. Wanaume wa garaji walicheka. Lile koti lipo mpaka leo.

Ile skrubu ndogo ya ampli, ambayo vijana wanaizungusha wakidhani ni ya sauti, niliiweka mahali pa chini, nikaimwagia tone la rangi ya kucha ya Nadeji. Nyekundu. Mtu akiigusa, tutajua. Kisha vioo: tuliondoa viwili vya pembeni vilivyochoka, tukaweka vikubwa vya lori. Papa Feza hakuviomba. Niliweka.

Kiti kilirudi mahali pake. Nilinyunyiza unga kwenye viti vyote viwili, nikapiga wimbo wa kwaya, wa sauti za wanaume. Kwenye kiti cha dereva unga uliruka kama mchele kwenye kikaango. Kwenye kiti cha Mama Feza ulitetemeka kidogo, ukalala. Nikazima. Kazi ilikuwa imekwisha.

Papa Feza alikaa kwenye ule unga bila kupangusa. Nikawasha tena. Aliegemea, akafumba macho, na baada ya muda akaanza kuimba besi, chini, na hakutoka nje ya njia ya wimbo hata mara moja. Mama Feza alisimama mlangoni akimtazama.

"Anaimba muzuri?" nikamwuliza.

"Anaimba vibaya," akasema. "Alikuwa anaimbaka vibaya tangu zamani. Mumuache."

Watu wa chokaa waliambiwa na Mama Feza mwenyewe, na wenye nyanya pia, kabla hawajasikia kwa wengine. Wawili watatu waliondoa mizigo yao. Wengine walibaki, maana mizigo haikuwahi kuchungwa vile. Na mtaani, siku hizi wanamgusa bega kwanza, halafu wanasalimia. Anaitika kama katekista.

Juzi nilikuwa natoka kununua makala, mfuko kichwani. Nikasikia kamioneti nyuma yangu, injini tu. Besi sikuisikia mpaka iliponifikia, nayo ilikuwa ndogo, kama mtu anayegonga meza kwa kidole. Ndivyo inavyotakiwa. Sabufa iliyofungwa vizuri, barabara nzima haijui kama ipo.

Dirishani nilimwona Mama Feza. Aliniona kabla sijanyoosha mkono, akampiga mumewe kofi dogo la goti. Kamioneti ikasimama.

Nilishusha mfuko. Nikawauliza, kwa desturi tu: "Inabebaka nini?"

Papa Feza alimgeukia mkewe. Mama Feza akamrudilia swali, mdomo mbele ya macho yake, kidole kikionyesha mimi.

"Chokaa," Papa Feza akaniambia, kwa sauti kubwa. Kisha akamwekea mkewe mkono begani. "Na masikio yangu."

"Na makala ya Kambo," Mama Feza akasema, akifungua mlango. "Panda. Nitasogea."